Wasomaji Watatu wa Kitabu cha Wadudu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepeleka vitabu vyangu maktaba ya chuo kikuu. Magunia mawili, begani, bila kupumzika. Mkokoteni ulinisaidia kidogo, kutoka nyumbani hadi getini. Ni vitabu alivyoacha mpangaji wetu wa zamani, yule aliyehama bila kuaga. Vingi nimevisoma majalada.

Sababu ni hii. Ukitoa vitabu, wakakubali hata kimoja, unapewa kadi ya kuingia chumba cha kusomea mwaka mzima. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anayo. Anaivaa shingoni hata akienda kununua mkate. Akinipita anaipapasa.

Tangu mke wangu aende kwa binti yetu kulea mjukuu, nyumba ina mwangwi. Alisema wiki mbili. Mjukuu sasa anatembea. Kule chumba cha kusomea viti vyote vina watu. Mtu mwenye habari nyingi kama mimi ni dhambi kukaa nazo peke yake.

Anayepokea vitabu ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Mambo yamekwisha.

Jumanne, 4 Juni

Mambo hayajaisha. Mpwa kasema undugu unaishia mlangoni. Mwongozo wa kodi za zamani, nje. Vile ambavyo wanavyo tayari, nje. Juzuu ya pili bila ya kwanza, nje. Nikamwambia ya kwanza naijua, nimhadithie. Kasema, "Mjomba, kuna foleni." Foleni yenyewe mtu mmoja, na alikuwa anaulizia choo.

Kimebaki kimoja. Kitabu cha wadudu wanaoharibu mazao, picha zimechorwa kwa mkono. Mpwa alikifungua taratibu, akafunua picha moja moja. Kasema hawana, na wahadhiri wa kilimo wamekitafuta sana. Kamati itaamua Ijumaa. Nikamweleza kwamba mwaka ule wa mafuriko niliogelea nacho kichwani, mamba akaona haya akanipisha. Kauliza mbona hakina hata doa la maji. Nikasema ndio ufundi wenyewe.

Nikamdodosa kamati inaangalia nini. Kasema la kwanza kabisa: kuna watakaokisoma?

Jioni nimepika sufuria kubwa, kwa mazoea. Nimekula nusu. Nusu inanitazama.

Jumatano, 5 Juni

Wanataka wasomaji. Watawapata.

Nilimwomba mpwa nikiage kitabu changu. Akanipa meza ya pembeni, yeye akaendelea na kazi zake. Mfukoni nilikuwa na kalamu nyekundu, ya bluu na ya kijani.

Nyekundu ni profesa. Mtu mkali. Amepiga mistari karibu kila ukurasa na kuandika "Sawasawa". Bluu ni mkulima: "Mdudu huyu namfahamu." Kijani ni binti mwanafunzi, ana huruma. Kwenye picha ya nzige kaandika: "Hapa nililia."

Baadaye wakaanza kujibizana wenyewe. Profesa kampinga mkulima kuhusu viwavi. Mkulima kamwuliza lini alishika jembe. Binti akawasuluhisha. Saa zilikwenda sikuziona. Sijapata maongezi matamu hivyo tangu mama watoto aondoke.

Ijumaa, 7 Juni

Nilivaa koti. Nikasubiri kwenye benchi la nje, nikimweleza mlinzi jinsi nilivyoacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Alisikiliza kwa adabu sana. Kumbe ana redio sikioni.

Mpwa katoka na kitabu mkononi, macho mekundu. Kamati ilikuwa tayari kukipokea, kisha mwenyekiti akafunua kurasa. Hawapokei kitabu kilichoandikwa-andikwa, na hiki hakina hata pa kuweka kidole. Mpwa kaniuliza hawa wasomaji watatu wanaojuana ni akina nani. Nikasema chuo ni kikubwa. Akanionyesha jalada la nyuma, ambapo wote watatu, kwa zamu, wameandika kwamba aliyetoa kitabu hiki ni mtu wa maana na apewe kadi.

Alikuwa ameshawaahidi wale wahadhiri. Hakunifokea. Kaniwekea kitabu mapajani, kasema, "Nenda nacho, mjomba," akarudi ndani. Angenifokea, tungekuwa tumeongea kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Hodi mlangoni. Nikadhani mke wangu. Kumbe jirani, yule mwalimu. Kadi shingoni, ubao wa drafti kwapani.

Kaanza kuzungukazunguka. Mara mvua, mara bei ya sabuni. Halafu kasema kule chumba cha kusomea hakuna anayeongea. Ukikohoa tu, vichwa vyote vinakugeukia. Tangu apate kadi hajasikia hata "habari za leo". Kama nina nafasi, jirani, tucheze mchezo mmoja, tupige soga.

Nilimsoma papo hapo. Wivu. Anataka nikate tamaa, abaki peke yake mwenye kadi mtaa mzima. Nikamwambia leo haiwezekani, nina wageni ndani. Kachungulia nyuma ya bega langu, kisha kasema, "Haya jirani, siku nyingine." Kaenda polepole, kama mtu asiye na anakokwenda. Mwigizaji mkubwa yule.

Nimefunga mlango. Kosa langu nimelijua: wino. Chini ya kitanda nimepata kitabu kingine cha mpangaji, cha ufugaji wa nyuki, na safari hii natumia penseli.

Profesa ameshafika. Mkulima yuko njiani.