Matango ya Mama Mkwe na Damu Yangu

Jumatatu, 1 Septemba

Hospitali. Chembe za kugandisha damu: elfu thelathini na nane. Daktari Mizoguchi (binti mdogo, viatu vyangu vimemzidi umri) anasema kinga ya mwili wangu inazila chembe zangu yenyewe, na huenda kuna bakteria tumboni anayeichochea. Kanipa vidonge vya wiki moja vya kumuua. Chembe zisipofika elfu hamsini, sigusi mikoshi, hekalu dogo la kubebwa kwa miti, siku ya sikukuu ya mtaa mwezi ujao. Miaka ishirini na miwili nimelibeba lile hekalu dogo begani, mti wa mbele! Leo nikae na vikongwe nijipepee? Igarashi, muuza tofu, tayari anazunguka mtaani akijipima bega. Thubutu!

Nimefikiri. Televisheni ilisema bakteria wa tumbo ndio walinzi wa mwili. Sasa mtu anaua walinzi wake? Daktari kachanganyikiwa. Dawa ninayo nyumbani: mtungi wa pumba za mchele ambamo mke wangu Fusae huvundika matango. Aliurithi kwa mama yake. Miaka sitini ya bakteria!

Jumanne, 2 Septemba

Tatizo: Fusae ananisimamia nimeze. Nikaficha vidonge chini ya ulimi, kisha nikajitolea kukoroga pumba kwa mkono, kama afanyavyo yeye kila siku. Vikazikwa chini kabisa. Fusae kafuta machozi. Kasema miaka thelathini na minne ya ndoa hajaniona nikitia mkono mle. Nimekula matango tisa. Akili ni mali!

Jumanne, 9 Septemba

Wiki imeisha, vidonge vyote vimezikwa. Mtungi unanuka soksi. Fusae kaongeza chumvi, kaongeza haradali, wapi! Kalia kweli: ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama yake, alikipakata kwenye treni siku ya mazishi. Nilijisikia vibaya, kama dakika tano hivi. Akauliza nani kaugusa. Nikakumbuka, kwa sauti, kwamba mke wa Igarashi alipita Ijumaa. Fusae akavaa viatu. Nilimsikia mpaka huku akimwambia mwenzake kama husuda ina dawa, akainunue.

Ijumaa, 19 Septemba

Elfu thelathini na moja. Daktari kaduwaa. Mimi nimetulia, walinzi wanajipanga.

Chakula cha jioni. Fusae kauma biringanya la mwisho la mtungi. Kacha! Katoa kidonge mdomoni, kakiweka mezani mbele yangu. Mimi nikausifu wali.

Jumapili, 28 Septemba

Fusae alimpigia daktari. Wiki nzima ya vidonge upya, asubuhi na jioni, naye ananimulika mdomoni kwa tochi. "Baba watoto, inua ulimi. Na huko kushoto."

Kaenda kwa mke wa Igarashi kuomba radhi, kainama mpaka chini. Karudi na bakuli la pumba. Kumbe yule mama alianzisha mtungi wake, zamani hizo, kwa konzi moja aliyopewa na mama mkwe wangu! Basi mtungi wa marehemu umerudi nyumbani. Fusae kalia tena, safari hii akicheka. Unaona? Bila mimi wasingepatana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Elfu sitini na mbili! Nimeruhusiwa! Daktari anasema ni vidonge. Nimemwacha aamini, bado kijana. Ni matango. Ila presha imepanda, eti kwa chumvi yake. Kanipigia marufuku matango, kanipa vidonge vingine vya kila siku.

Jumapili, 12 Oktoba

Mti wa mbele! Igarashi nyuma yangu, akilalamika kwamba nanuka pumba. Fusae kanishangilia mpaka kofia ikamwanguka. Nilitaka kulia, nikasingizia jasho.

Nimerudi, nimefikiri. Matango yameiponya damu. Presha ni hiyo damu tu, imepata nguvu. Mtu mzima anashusha nguvu zake? Fusae kautia mtungi kufuli. Haidhuru. Chungu chake cha maua hakina kufuli, na vidonge ni vidogo.