Maji ya Baraka Yameniumbua Mpui

Washikaji, leo parokia nzima imeniona. Yaani sina pa kuficha sura.

Mnalijua gari langu jipya (jipya kwangu). Nililinunua Dar baada ya zile mvua kubwa. Rafiki yangu fundi alinionya: "Magari mengi yamezama huko. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ukiona tope, kimbia." Nikamwambia mimi siyo mshamba. Gari linanukia marashi, kapeti mpya, nivute mkanda wa nini? (Marashi yote yale, na bado sikujiuliza!)

Basi asubuhi nikalipeleka Mpui, ukweni, libarikiwe baada ya misa. Baba mkwe alishauza ulezi wake naye anunue gari, tena alishatangaza kijiji kizima kwamba mimi ndiye nitakayemchagulia. Nilitembea pale kanisani kama mwenye kiwanda.

Nikafungua boneti watu waone injini. Hakuna aliyeniomba. Nikamwambia Padri, "Usibanie maji, Padri. Mwaga!"

Akamwaga.

Honi ikaanza kulia yenyewe. Piiiiiii! Waipa zikafagia kioo, na jua linawaka! Indiketa zikawa zinawakonyeza wanakwaya. Nikakimbilia funguo nizime. Kumbe funguo ninazo mfukoni! Bibi mmoja akapaza sauti, "Pepo linatoka! Padri, ongeza!"

"Usiongeze!" nikafoka. (Jamani, nimemfokea Padri.)

Katekista akachomoa waya wa betri. Kimya. Baba mkwe akaingia ndani, akashika mkanda, akavuta. Akavuta tena. Ulipofika mwisho ukatoka na tope kavu, likamwagikia suruali yake ya misa.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Hili tope ni la wapi?"

"Ni vumbi la njiani tu, baba."

"Vumbi limejikunja humu na mkanda?"

Padri naye akachungulia. "Mwanangu, hili lilishabatizwa huko lilikotoka. Tena kwa kuzamishwa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Baba mkwe hakucheka. Akanigusa bega, akasema taratibu, "La kwangu nitakwenda kuvuta mikanda mwenyewe. Wewe utanibebea begi."

Imeniuma, sifichi. Lakini utaalamu wangu uko palepale: vuteni mkanda mpaka mwisho! Gari limegoma kuwaka, nimeliacha kanisani; nawaandikia haya nikiwa juu ya magunia, kwenye lori la mahindi linalonirudisha nyumbani Sumbawanga. Atakayecheka asije kuniomba lifti.