Pasi ya Bibi wa Merikebu

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa historia ametangaza: Ijumaa, mbele ya wazazi, kila mmoja wetu ataeleza habari za mtu wa zamani wa ukoo wake. Kidomo, jirani yangu wa dawati, ana babu aliyekuwa nahodha. Mimi nina Bibi wa Merikebu, mama wa nyanya yake Bibi, aliyekuja nchi hii peke yake zaidi ya karne moja iliyopita. Basi. Jina lake halisi hatulijui, wala kwao. Kidomo akauliza kama aliletwa kama mzigo. Darasa zima likaangua kicheko!
Nilimlalamikia Mama akinipigia pasi sare. Akaisogeza pasi karibu na shavu, kama kawaida yake, kupima joto, akasema nikamwulize Bibi.

Jumanne, 5 Machi
Bibi anasema Bibi wa Merikebu alikuwa mwanamke wa heshima, mwenye watumishi na masanduku ya hariri. Nahodha atatafuta pa kujificha!
Bahati mbaya nikapitia kwa Bibi Mdogo, mdogo wake Bibi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Watumishi wa wapi? Alikuwa dobi! Alishuka melini na pasi ya mkaa mkononi, na pasi yenyewe ndiyo hiyo dada yake anayozuilia mlango. Sasa najua kwa nini hawasemezani miaka yote hii: Bibi Mdogo alilitoboa hilo la udobi harusini kwa Bibi, mbele ya wakwe.
Nani mkweli? Hakuna njia ila kuwakutanisha. Nina mpango. Mzuri mno!

Jumatano, 6 Machi
Asubuhi, kabla ya shule, nilimwambia Bibi kwamba mdogo wake ni mgonjwa sana. Kisha nikamwambia Bibi Mdogo kwamba dada yake ni mgonjwa sana. Nilisahau jambo moja dogo: wote wawili wana miguu.
Bibi alishika barabara kuu. Bibi Mdogo akakatiza nyuma ya soko. Kila mmoja akakuta kufuli mlangoni kwa mwenzake! Kila mmoja akaamini mgonjwa amekimbizwa hospitali. Wakakutana langoni kwa hospitali, Bibi Mdogo amevaa viatu viwili tofauti, wakakumbatiana wakilia. Bawabu naye akalia. Kisha wakaulizana ni nani aliyewaambia.
Haya yote Bibi amenisimulia sikio langu likiwa mkononi mwake.

Alhamisi, 7 Machi
Sikio bado lina moto. Lakini nimepata!
Walinikalisha chini wakanisema, mmoja akianza, mwingine akimalizia. Walipochoka, Bibi akaiokota pasi mlangoni, akaifuta vumbi, akakubali: ndiyo, alikuwa dobi, na kwa nguo za watu alilea watoto wake wote. Bibi Mdogo akaomba radhi kwa mdomo wake wa harusini.
Nikawaomba wanionyeshe inavyotumika. Wakatia makaa. Bibi akaisogeza karibu na shavu. Bibi Mdogo akaipokea, naye akaisogeza karibu na shavu. Kama Mama! Niliuliza nani aliwafundisha. Mama yao. Na yeye? Mama yake. Na huyo? Wakatazamana, kisha wakaitazama pasi.
Jina lake hatuna. Shavu lake tunalo.

Ijumaa, 8 Machi
Nilisimama na pasi, nikasema wazi: dobi. Mabibi walikaa safu ya mbele, bega kwa bega, wakinisahihisha kwa sauti kila sentensi. Nilipoeleza habari ya shavu, Mama aliinua mkono mtupu usoni bila kujijua. Mwalimu akasema hajawahi kusikia historia ya namna hiyo. Kidomo aliomba kuishika pasi. Nusura imwangukie mguuni. Nahodha hakutajwa tena.
Mabibi waliondoka wameshikana mikono.
Mama amenionya: kumzulia mtu ugonjwa ni vibaya sana. Nimekubali kwa moyo wote. Sitazua ugonjwa tena.
Ila Mjomba na Mama Mkubwa hawasemezani tangu mwaka jana, kwa sababu ya kabati. Kesho nitamwambia kila mmoja kwamba mwenzake amevunjika mguu. Mguu si ugonjwa. Tena aliyevunjika mguu hatoki nyumbani, kwa hiyo safari hii hawawezi kupishana.