Konzi ya Nani?

Jumatatu, 6 Mei

Leo sista wa zahanati ya kiwanda ametupima presha ghala zima. Yangu: 158 kwa 96. Nikamwomba apime tena, nikabana pumzi ili nimsaidie. 160. Heri ningeiacha ile ya kwanza.

Hukumu: nishuke kwenye foklifti wiki mbili. Tarehe 20 akinipima na haijashuka, sipandi tena. Miaka kumi na mmoja na mashine ile! Naijua hata ikitaka kukohoa. Na nani kakabidhiwa ufunguo? Profesa, karani wa ghala, mtu wa kujua kila kitu. Amenipa pole kwa sauti ya msibani huku anarekebisha kiti. Mimi nimepewa kazi yake: kupeleka karatasi za mizigo kutoka ghalani hadi getini, kwa miguu, mara ishirini kwa siku.

Ila kila baya lina jema lake. Sista amesema niache vya kukaanga, nipunguze chumvi, na njaa ikinishika nile karanga, korosho au mbegu za maboga. Zina mafuta mazuri kwa moyo na zinashibisha. Konzi moja kwa siku. Mara ya kwanza maishani naandikiwa dawa ninayoipenda!

Jumanne, 7 Mei

Nimeifikiria sana ile dawa. Konzi moja, sawa. Konzi ya nani? Sista hakutaja. Mkono wangu mdogo, hata pete ya mke wangu inaniingia. Nikamwendea Bonge, mpakiaji wetu, mwenye mkono kama sepetu, nikamwomba achote konzi moja tu ya karanga aitie kwenye kopo langu. Akachota. Kopo likajaa zaidi ya nusu. Nikaweka alama ya kalamu pale zilipofika. Bonge akauliza za nini zote hizo. Nikamwambia maagizo ya daktari. Sista si daktari, lakini na Bonge si hakimu.

Tatizo moja. Karanga za mama anayeuza getini zina chumvi. Zisizo na chumvi anazo pia, ila ni kama kutafuna kizibo. Nimepata njia. Nazilamba kwanza mpaka chumvi yote iishe, ndipo nazitafuna. Zinafika tumboni safi kabisa. Sijui sista hili lilimpitaje.

Alhamisi, 9 Mei

Tumbo! Limejaa, limekaza, linaongea lenyewe. Nimetembea na karatasi zangu nikiwa mbali na watu, kwa heshima yao. Bonge kanipisha njia kabla sijamfikia.

Profesa, akiwa juu ya kiti changu, katangazia ghala zima kwamba karanga na mbegu zina nyuzinyuzi nyingi, na mtu akizifakamia bila maji lazima zimtese. Nimekataa kunywa maji kwa sababu ni yeye aliyesema. Saa tisa nikanywa chupa mbili nyuma ya maboksi. Nikapata nafuu. Hapati kujua.

Jumapili, 12 Mei

Suruali imegoma kufunga. Mke wangu ni fundi cherehani, macho yake hayadanganyiki. Akachukua futi yake ya kupimia, akanizungushia kiunoni: inchi moja na nusu imeongezeka. Nikamweleza kwamba ni mafuta mazuri. Akasema mazuri au mabaya, kiunoni yote yanakaa mahali pamoja. Akaomba kuliona kopo. Akaiona alama. Nikalazimika kumsimulia habari ya mkono wa Bonge na ya kulamba chumvi.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema: “Konzi ya mgonjwa mwenyewe, baba watoto. Bonge hana presha.” Akaongeza kwamba konzi ziko aina mbili, ile ya kula na ile ya kichwani, na nikiendelea kula ya Bonge nitapata ile ya pili.

Akanipimia kwa mkono wangu. Korosho kumi na nne na mbegu chache za maboga, zote bila chumvi. Basi! Kuku ananipita. Zile karanga za chini ya kopo zilikuwa zimeota ukungu, kazitupa zote. Kasema ukungu wa karanga ni sumu ya ini, na haulambiki.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempita Profesa mara ishirini leo, na mara ishirini alikuwa anapiga mluzi. Kwenye kiti changu! Safari ya kumi na saba nikapata wazo. Tarehe 20 na yeye atapimwa, maana sasa ni dereva. Presha yake ikipanda naye atashuka. Hakuna mwingine anayejua kuendesha. Watarudi kwangu kwa magoti.

Nikanunua pakiti tatu za korosho za chumvi getini. Nikaziongezea kijiko kizima cha chumvi, nikatikisa. Nikampelekea kwa tabasamu, nikasema yaliyopita si ndwele. Akashukuru sana, akazitia mfukoni, akasema zitaliwa taratibu. Moyo ulinisuta kidogo. Nikautuliza kwa korosho zangu kumi na nne, hazikutosha kuutuliza vizuri.

Alhamisi, 16 Mei

Kila siku pakiti tatu. Profesa anazipokea kwa mikono miwili. Uso wake hata haujabadilika, lakini presha si kitu cha usoni.

Nyayo zinawaka moto. Jioni nimekaa na miguu kwenye beseni, mke wangu anashona pindo la gauni la mteja, bakuli la mbegu za maboga katikati yetu. Nilikuwa na raha, sikatai. Suruali imefunga tena, na usingizi siku hizi hauhitaji kubembelezwa. Akaniuliza bila kuinua kichwa: foklifti wakiichukua moja kwa moja, itakuwaje? Nilitaka kutania. Nikajikuta nasema kweli: “Naogopa. Nikishuka pale mimi ni mfupi tu.”

Hakucheka. Akanisogezea bakuli lote, kisha akakumbuka, akahesabu mbegu kumi, akalirudisha upande wake.

Jumatatu, 20 Mei

Siku ya siku. Alianza Profesa: 118 kwa 76. Nusura nianguke. Pakiti kumi na tano za chumvi, huyu mtu ni wa mawe?

Zamu yangu. Sista akapima, akakunja uso, akapima tena. 128 kwa 82. Akasema nirudi kwenye mashine yangu leo hii. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, na sijali! Bonge akanikumbatia, nikapotea mle ndani kwa muda.

Profesa akanikabidhi ufunguo. Akasema hata hivyo shingo ilikuwa inamuuma. Kisha akanishukuru kwa zile korosho, kwa niaba ya kuku wake. Yeye hawezi kuzionja. Ana mzio tangu utotoni, korosho moja tu midomo inavimba na pumzi inaziba. Alizisuuza chumvi kwanza, kasema chumvi nyingi huua kuku, kisha akawagawia kidogo kidogo. Nilitoka jasho jembamba. Kumbe ningeweza kumuua mtu kwa tabasamu! Nikamwomba radhi, kimoyomoyo, mara mbili.

Jumanne, 21 Mei

Niko juu. Dunia nzima iko chini yangu, pamoja na utosi wa Profesa, ambao una upara niliousahau. Mashine imekohoa kidogo iliponiona.

Sista alipita kunihimiza. Kasema kilichoniokoa ni miguu kwanza: zile safari za getini, chumvi kidogo, na konzi yangu mwenyewe. Nisiache hata kimoja. Nimemwitikia kwa kila neno.

Saa nne nikatamani karanga. Za chumvi kidogo tu, za kujipongeza. Hadi getini ni mbali, jua kali, nami nikawaza jinsi miguu hii ilivyonitumikia wiki mbili mfululizo. Mtu mwenye shukrani haitumikishi tena. Nikawasha foklifti, nikaenda nayo mpaka getini. Mama wa karanga akaziweka pakiti sita juu ya uma wa mashine, akasema tangu aanze biashara hajaona mteja wa namna hii. Nikamwambia ni maagizo ya sista: miguu yangu ndiyo dawa, sharti niitunze.