Matofali ya Chai

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua ya manispaa. Barabara inapanuliwa, maduka yasiyo ya kale yote chini! Mkaguzi anatoka Tunis Jumamosi. Lazhar, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, hana wasiwasi: ukuta wake wa mbele ni matofali ya babu yake, yamepangwa kwa michoro mpaka juu. Wangu ni plasta ya saruji, rangi ya kijani. Duka la tende la babu yangu, miaka tisini, linafanana na choo cha stendi! Lazhar kanipa pole huku anatabasamu. Mnafiki.

Shangazi Mabruka akaanza habari za siku ile marehemu baba alipopiga plasta. Nikamkatiza. Nina duka la kuokoa, hadithi baadaye.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata! Nitabandika vipande vya matofali juu ya plasta, kwa mchoro. Fundi Amor kakubali kunyamaza kwa kilo kumi za tende. Mchoro upi? Kwetu wanawake hufuma kwenye shali mchoro uleule ulio mbele ya nyumba yao. Shangazi akiwa hamamuni anaoga, nimefungua kasha lake. Shali kuukuu, pembetatu na nge. Safi kabisa!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimetundika turubai, nasema napaka rangi. Matofali yamekaa vizuri, ila yanang'aa upya. Nikamwambia Amor ayapake chai nzito yazeeke. Bwege yule kaokota chai iliyobaki mkahawani. Ina sukari! Sisimizi wa mji mzima wamehamia kwangu. Nimefagia ukuta tangu asubuhi. Mgongo hauna hali.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeshusha turubai. Mkaguzi, Bi Najet, akavutiwa. Nikavimba kichwa. Mara Lazhar kavuka barabara, kawaona nge, kapiga makofi kwa kicheko. “We Mokdad! Huo si mchoro wetu? Hebu tazama kwangu!” Kweli, nge walewale. Miaka hamsini naupita ukuta ule, sijawahi kuutazama mchoro wake!

Bi Najet akauliza kama duka langu nalo lilijengwa na ukoo wa Lazhar. Nikikataa, itajulikana nimeghushi na tingatinga linakuja. Nikasema ndiyo. Nikatia sahihi fomu yake. Duka limepona, lakini kibao cha ukumbusho mlangoni kitakuwa na jina la babu yake Lazhar! Nimelia stoo, juu ya makreti ya tende.

Shangazi anasema shali ilikuwa posa ya baba yake Lazhar. Shangazi akamkataa mwanamume, shali akabaki nayo kwa sababu ina joto. Sasa ndiyo ananiambia!

Jumapili, 12 Oktoba

Tofali moja limeanguka na plasta yake. Ndani kuna matofali ya babu, mchoro wa mitende wa ukoo wetu, mzima kabisa! Shangazi kasema hilo ndilo alilotaka kuniambia Jumatatu. Anataka nimpigie Bi Najet leo hii, nikiri, nibandue takataka zangu zote.

Nikiri? Huku Lazhar anasikia? Thubutu! Shangazi amezeeka jamani, hana mipango. Alhamisi Lazhar anakwenda harusini Sfax, siku tatu. Nimeshamwambia Amor. Tutambandikia ukuta wake mitende yetu, na duka lake liwe letu.

Safari hii chai haina sukari, nimeionja mwenyewe.