Besi ya Baba na Makoti ya Leeds

Jumamosi, 6 Machi 2004

Raghad kazungumza nami! Sentensi nne nzima. Tangu atimize miaka kumi na sita, binti yangu hunijibu kwa mabega. Leo kavua vile vidude vya masikioni, kauliza kama kweli nilikuwa Leeds mwaka 1980. Kumbe vile vibendi vya kwenye TV ya dishi, vya vijana wenye suruali za kubana, vimeiga muziki wa zamani: posti-panki. Ana kazi ya shule ya kuwasilisha Jumatano. Ulizukaje, umemwathiri nani?

Nikamweleza. Panki walikuwa hasira na kelele. Waliowafuata wakabaki na hasira, wakapunguza kelele. Besi, lile gitaa la sauti nzito, wakaiweka mbele, gitaa la kawaida nyuma. Wakavaa makoti marefu, wakaimba kama watu waliokatiwa umeme. Akanitazama! Miezi sijaona macho yale. Akauliza nimeyajuaje yote hayo.

Nilitakiwa kusema nilisikia tu. Nikasema nilikuwa mpiga besi.

Jumapili, 7 Machi

Raghad kamwambia mwalimu. Nimealikwa kupiga besi mbele ya darasa. Sijapata kushika besi maishani mwangu.

Kuna baya zaidi: Marhoon. Meza yake hapa wizarani inatazamana na yangu, na mwanawe yumo darasa lile lile. Anakuja! Mwaka 1980 tulisomea ufundi wa viyoyozi pamoja kule Leeds. Anajua vizuri nilichokuwa nikifanya kwenye klabu ya muziki. Nimemwomba asiseme neno. Kasema mdomo wake hufunguka wenyewe gari lake likishinda juani. Nikaelewa. Nimempa nafasi yangu ya kuegesha chini ya banda. Miaka saba niliisubiri! Jioni usukani ulikuwa haushikiki kwa moto.

Jumatatu, 8 Machi

Nimekwenda Darsait, mtaa wa pili hapa mjini, kumfuata Japheth, Mkenya apigaye besi kwenye bendi ya hoteli. Anakaa ghorofa ya pili, juu ya gereji. Nikamwambia nataka noti mbili tu, lakini za huzuni. Kasema posti-panki ndiyo hiyo hiyo, noti chache zenye msimamo. Ila kila noti mimi naifikia ikiwa imeshapita. "Mzee, hizi vidole zimezoea stempu tu," kasema. Saa mbili nzima. Nimetoka na malengelenge matatu.

Jumanne, 9 Machi

Mpango mpya. Bandeji! Mkono umeteguka, siwezi kupiga. Badala yangu nitapeleka ushahidi.

Zama zile barua hatukuandika. Tulirekodi sauti kwenye kaseti, tukampa msafiri. Mama, Bi Mahbuba, kazihifadhi zote kwenye kopo la biskuti. Nakumbuka mojawapo nilimrekodia bendi, asikie Uingereza kulivyo. Nimekwenda kuiomba.

Kalifungua kopo. "Nnazo zote," kasema. "Lakini sikiliza pande zote mbili, mwanangu."

Wazee na masharti yao! Nimesikiliza upande wa kwanza. Besi safi, ya kishindo. Nani atasema si mimi? Nimempa Raghad kaseti na stori ya mkono. Akanibusu kichwani bila ya kukumbushwa na mama yake. Nimeketi sebuleni na bandeji yangu, furaha na hofu vikinigombania.

Jumatano, 10 Machi

Naandika kwa aibu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Raghad kaeleza, kaseti ikapigwa, watoto wakatikisa vichwa. Marhoon kimya, mwaminifu kwa kivuli chake. Upande ukaisha. Nikapumua.

Redio ya shule ni ya zile zinazogeuza kanda zenyewe.

Ikatoka sauti yangu ya miaka ishirini, yenye mafua. "Shikamoo Mama. Huku baridi mno. Nimepata kazi klabu, nalinda makoti ya watu. Huo muziki nimerekodi mlangoni, ndani siruhusiwi. Nawakumbuka nyote. Usimwambie Baba."

Nusu ya darasa hawajui Kiswahili, wanajua Kiarabu tu. Mwalimu kamwomba Raghad atafsiri. Katafsiri. Neno kwa neno, bila ya kunitazama. Marhoon kacheka mpaka akatolewa nje. Na bandeji, nimegundua baadaye, leo nilikuwa nimeifunga mkono mwingine, si ule wa jana.

Alhamisi, 11 Machi

Mapumziko ya wiki. Mlango wa Raghad umefungwa. Chakula cha mchana hakuja mezani. Nimempoteza mwanangu kwa ajili ya besi nisiyokuwa nayo.

Baada ya alasiri katoka na daftari. Nikajua ananishitaki. Kumbe anauliza: nyimbo gani ziliwafanya watu waje kuchukua makoti, zipi ziliwafanya wayasahau? Na mlangoni kulisikika nini hasa?

Nikasema kweli. Besi hupenya mlango, gitaa halipenyi. Mwaka mzima nilidhani muziki ule ni besi tupu. Na kijana mmoja aliacha koti lake, akaenda nyumbani kwenye theluji akiimba. Raghad akacheka, akaandika kurasa tano. Mwalimu kamwongezea siku mbili za kuiandika upya kazi yake. "Wapiga besi wako wengi, Baba," kasema. "Mlinda makoti nnaye mmoja."

Machozi yalinitoka. Nimesingizia vumbi la kiyoyozi. Nimeapa: uongo basi!

Jumamosi, 13 Machi

Alama za juu kabisa! Mwalimu kapiga simu, anataka nizungumze mbele ya shule nzima. Nikamwambia wazi, bila ya haya, kwamba mimi nililinda makoti tu. Raghad alikuwa kando yangu, ananitabasamia.

Mwalimu akauliza swali moja dogo: kwa nini waimbaji wale walivaa makoti marefu vile?

Kwa sababu ya baridi. Jibu lilikuwa ulimini.

Nikamwambia nilikuwa nikiwachagulia mimi.

Anataka nije na koti moja la zama zile. Kesho narudi Darsait. Japheth ana koti refu la bendi. Marhoon keshapata habari kwa mwanawe. Sasa anakitaka kiti changu cha mbele ya kiyoyozi.