Idara Isiyo na Tatizo

Kuanzia Jumatatu, Mkurugenzi alitangaza, idara haina tena tatizo hata moja. Watumishi walipiga makofi, kisha wakapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, maana lifti ilikuwa mbovu.

Mafanikio hayo yalitokana na kidole cha Karani. Jedwali kuu la idara lilikaa kwenye kompyuta yake, na Mkurugenzi alikuwa amegundua kwamba mstari wa jedwali unaweza kufichwa bila kufutwa. Lifti ikafichwa. Choo cha ghorofa ya pili kikafichwa. Safu nzima ya malalamiko ya wananchi ikafichwa kabla ya chai, na utendaji wa idara ukapanda ghafla. Mwongozo ukatolewa: kisichoonekana kwenye jedwali hakipo. Kukifichua ni mpaka Mkurugenzi atie sahihi, mezani kwake, na mwombaji asijitilie sahihi mwenyewe.

Karani hakuona ubaya. Kazi ilikuwa nyepesi, na sifa alikuwa anazipata.

Kisha makao makuu wakapiga simu kwamba wanakuja kuona idara yenye damu changa. Mkurugenzi akaagiza wafichwe watumishi wote waliopita miaka sitini. Mpika chai wa idara alikuwa shangazi yake Karani, aliyemlea na kumsomesha, na sitini alishaiacha nyuma.

"Wote kabisa, mzee?"

"Wote. Usiangalie sura ya mtu."

Karani akachuja kwa umri, akaficha, akaenda nyumbani roho ikimuuma. Asubuhi alimkuta Shangazi kwenye benchi nje ya geti, kikapu mapajani. Mlinzi, mwenye jedwali lilelile kwenye skrini yake, alikuwa amemkatalia kwa adabu zote.

"Mwanangu, umenificha?" aliuliza Shangazi.

Kabla Karani hajajibu, gari la Mkurugenzi likasimama getini. Mlinzi akakagua skrini juu mpaka chini.

"Samahani mzee, hupo."

"Sipo vipi? Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Mkurugenzi hayupo tangu jana jioni."

Nywele za Mkurugenzi zilipakwa rangi nyeusi kila mwezi, lakini tarehe yake ya kuzaliwa hakuna aliyeipaka. Akamgeukia Karani, akamwamuru amfichue upesi.

"Mpaka sahihi, mzee. Mezani kwako."

Wanaume wanne wakaishusha meza kwa ngazi, kwa kuwa lifti haikuwepo, wakaitua nje ya geti. Karani akatanguliza fomu ya Shangazi. Mkurugenzi, jasho likimtiririka, akasaini bila kusoma, kisha akaivuta ya kwake.

"Hiyo huwezi, mzee," Karani akasema kwa upole. "Mwombaji hajitilii sahihi."

Basi Mkurugenzi akabaki mezani kwake, kando ya barabara, akisubiri mwenye mamlaka apite. Saa nne Shangazi akatoka na sinia la chai, akampa mlinzi kikombe chake, kisha akamuuliza kama ampe na huyu.

"Huyu nani?" akauliza mlinzi.